Vidonge Viwili vya Rangi Mbili

(Haya ni maneno ya mwanachama wetu aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka 1975, na ambaye alifanya kazi katika maabara za hospitali kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliyasema katika ukumbi wa chakula wa shule, mbele ya wanachama na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka. Yanachapwa hapa kwa ombi la waliokuwapo.)



Katika barua niliyoandikiwa niliombwa nizungumze juu ya maisha ya mtumishi wa maabara. Nashukuru kwa heshima hiyo. Lakini maisha ya mtumishi wa maabara ni kuamka, kunawa mikono, kutazama sahani, na kunawa mikono tena; nadhani hayo yamekwisha sasa hivi nilipoyataja. Kwa hiyo naomba ruhusa nizungumze juu ya jambo lililomo katika karatasi ya ajenda tuliyogawiwa asubuhi. Namba sita inasema chama chetu kitanunua makasha manne ya vidonge vya viuavijasumu kwa ajili ya zahanati ya shule. Namba tisa inasema tutatengeneza tangi la maji na mabomba ya mabweni, "fedha zikibaki". Ombi langu ni kwamba namba hizo mbili zibadilishane nafasi. Waliopendekeza namba sita wamefanya hivyo kwa mapenzi, na mmoja wao tulilala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu na mimi chini. Namwomba asininunie mpaka nimalize.

Vijana, zahanati hiyo wakati wetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jiko. Ndani yake alikuwapo mzee mmoja, mganga msaidizi, ambaye sisi tulimwita Dakta. Alikuwa na jiko la mafuta ya taa la kuchemshia sindano, dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, vidonge vya malaria, na sindano ya PPF iliyowatisha hata wacheza ngumi. Mtu aliyechomwa PPF alichechemea siku nzima na kuheshimiwa. Lakini aliyepewa vidonge ishirini katika bahasha ya kaki, huyo ndiye aliyekuwa tajiri wa bweni. Alimeza vya siku mbili, akapata nafuu, vilivyobaki vikaingia katika sanduku la bati. Kuanzia hapo viligawiwa kama karanga: kimoja kwa mwenye jipu, viwili kwa mwenye mafua. Na mara moja kimoja kilimezwa na kijana ambaye ugonjwa wake ulikuwa mtihani wa Kemia wa kesho yake. Kijana huyo ni mimi. Nilipata alama 31.

Hakuna aliyetuonya, na sidhani kama Dakta mwenyewe alikuwa ameonywa. Hata hivyo onyo lilikuwa limekwisha kutolewa zamani. Alexander Fleming, yule aliyeona mwaka 1928 katika hospitali ya St Mary's, London, kwamba ukungu ulioanguka katika sahani yake unawaua bakteria, alipokwenda kupokea tuzo ya Nobel mwezi Desemba 1945 alisema waziwazi kwamba mtu akitumia penisilini kidogo kidogo atawafanya bakteria wawe sugu. Tena wenzake wa Oxford waliona jambo hilo mapema zaidi. Mwezi Mei 1940 walikuwa wamewadunga panya wanane bakteria wa kuua. Wanne wakapewa penisilini na wanne wakaachwa. Kesho yake wanne walioachwa walikuwa wamekufa. Basi mwaka huohuo wa 1940, mwezi Desemba, Abraham na Chain walitangaza kwamba wako bakteria wanaotengeneza kimeng'enya cha kuivunja penisilini. Askari polisi yule anayetajwa katika vitabu, Albert Alexander, alikuwa bado hajapewa dawa. Yeye alianza kupewa Februari 1941, akapata nafuu ya ajabu, dawa ikaisha, ingawa waliichuja tena kutoka katika mkojo wake, na tarehe 15 Machi akafa.

Angalieni mfuatano wa mambo hayo. Kinga dhidi ya dawa ilijulikana kabla dawa haijawafikia watu. Iliwezekanaje? Mimi mwenyewe nilikaa miaka mingi nikiamini kwamba bakteria hujifunza dawa, kama mbwa anavyojifunza njia ya jikoni. Sivyo. Bakteria hajifunzi kitu.

Bakteria wa kawaida wa tumboni, akipata chakula na joto, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mchukueni mmoja saa 2 usiku. Ifikapo saa 12 asubuhi zimepita saa kumi, naye amegawanyika mara 30. Wanafunzi wa Hisabati wapige hesabu ya 2 kwa kipeo cha 30: ni zaidi ya milioni elfu moja. Kila anapogawanyika hana budi kunakili maandishi ya urithi wake yote, kama ninyi mnavyonakili ubaoni, na katika kunakili haraka namna hiyo makosa hayakosekani. Mengi hayana maana au humwua mwenyewe. Moja moja humfaa. Kwa hiyo katika umati huo tayari yupo mmoja au wapo kumi ambao dawa fulani haitawadhuru, na wala hawajapata kuiona. Dawa ikija, inawafagia wenzao wote na kuwaachia wao nyumba, chakula na nafasi. Dawa haiwafundishi. Inawachagua. Na anayeipeleka dawa mahali ni mtu, basi anayechagua ni sisi.

Mfano nilioufahamu kwa karibu ni wa kifua kikuu. Wenzangu wa mwaka 1973 watamkumbuka mwenzetu wa Kidato cha Pili aliyeanza kukohoa damu. Alirudishwa kwao, akatibiwa kwa muda wa miezi 18, kwanza sindano za streptomisini kila siku na baadaye vidonge, na aliporudi alikaa darasa moja na mdogo wake. Tulimcheka, Mungu atusamehe. Hatukujua kwa nini alipewa dawa zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Sababu yake ni hesabu tu. Streptomisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943, na Waingereza walipoijaribu peke yake kwa wagonjwa wa kifua kikuu, matokeo yakachapwa mwaka 1948, wagonjwa walipata nafuu haraka, lakini baada ya miezi michache wengi wao bakteria wao walikuwa sugu. Shimo moja katika pafu la mgonjwa laweza kuwa na bakteria wapatao milioni 100. Katika kila milioni moja, mmoja hivi hadhuriki na isoniazidi. Basi mkitoa isoniazidi peke yake, mmeacha bakteria mia moja wazima, na hao wanatosha kuanza upya. Asiyedhuriki na rifampisini ni mmoja katika milioni 100 hivi. Lakini wa kuzishinda zote mbili kwa pamoja ni mmoja katika milioni mia moja mara milioni moja. Mtu wa namna hiyo hayumo katika pafu lile. Pafu halina nafasi ya kumtosha. Ndiyo maana dawa hupewa kwa pamoja. Anayemeza moja na kuiacha nyingine kwa sababu inamchafua tumbo amewafungulia bakteria lango ambalo hesabu ilikuwa imelifunga.

Ninaeleza haya kwa fahari, kwa sababu mambo makubwa ya tiba hiyo yalithibitishwa huku kwetu. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, zilionyesha kwamba ikitiwa rifampisini au pirazinamidi, miezi sita yaweza kufanya kazi ya miezi 18. Matokeo ya kwanza yalichapwa mwaka 1972. Halafu, kuanzia miaka ya mwisho ya 1970, Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Tanzania, pamoja na daktari Karel Styblo aliyetoka Chekoslovakia, ulionyesha jambo jingine: kwamba nchi isiyo na fedha nyingi yaweza kuwaponya wagonjwa wake ikiwa mtumishi wa afya atamwona mgonjwa akimeza dawa, na ikiwa kila mgonjwa ataandikwa daftarini mpaka mwisho wake ujulikane. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuuhimiza duniani kote. Daftari, vijana! Msidharau daftari.

Sasa nifike mahali penyewe.

Kazi yangu ilikuwa hii. Damu au usaha wa mgonjwa huletwa; sisi huwaotesha bakteria waliomo. Huwapaka juu ya sahani yenye chakula kilichogandishwa kwa agari, kitu kitokacho katika mwani wa baharini (si aina ile ilimwayo Unguja, kwa hiyo wenzangu wa Jambiani msinidai chochote). Juu yake huweka vidoa vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake, kisha sahani hulala katika kabati la joto usiku kucha. Asubuhi bakteria wameota kama utando juu ya uji uliopoa. Mahali penye dawa inayofaa, kidoa kimezungukwa na duara safi. Tunapima kipenyo chake kwa rula, kwa milimita. Duara pana, dawa inafaa. Hakuna duara, dawa ni chaki. Njia hii ilinyoshwa na Bauer, Kirby na wenzao huko Seattle, Marekani, mwaka 1966, na mpaka leo maabara nyingi zinaitumia.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya asubuhi, katika hospitali moja ya mkoa. Jioni nilikuwa na kazi ya pili. Mwaka 1989 mshahara haukufika tarehe 10, nami nilikuwa na watoto wanne. Nikafungua duka la dawa baridi karibu na stendi ya mabasi. Sheria iliniruhusu kuuza aspirini na dawa za namna hiyo tu. Niliuza na zile kapsuli zinazoitwa rangi mbili. Niliziuza mbili mbili, kwa sababu wateja wangu hawakuwa na fedha za kununua ishirini, nami nilijiambia kwamba mbili ni bora kuliko hakuna. Nilijiambia hivyo nikiwa mtu aliyejua. Asubuhi nilikuwa napima maduara kwa rula na kuandika kwamba yanapungua.

Mwaka 1993 ililetwa damu ya mtoto wa miezi tisa. Baba yake nilimfahamu, alikuwa mpiga debe pale stendi. Mtoto akikohoa, baba alikuja kwangu: "Mzee, nipe mbili." Kapsuli ilifunguliwa na unga kutiwa katika uji. Siku ya pili bakteria waliota katika chupa, na nilipoweka vidoa nilikwisha sikia kwamba mtoto amefariki usiku. Kazi hata hivyo humalizwa. Siku ya tatu nilifunua kabati. Ampisilini, hakuna duara. Kloramfenikoli, hakuna. Septrini, hakuna. Jentamisini, duara jembamba la kubahatisha. Seftriaksoni ambayo labda ingemwokoa, hospitali yetu haikuwa nayo wakati ule. Nilikuwa nasoma jibu la mtoto aliyekwisha zikwa.

Baba alikuja kuuliza karatasi inasema nini. Nikamweleza. Akaniuliza: "Wadudu hao wametoka wapi?"

Sikumjibu. Na leo, mbele yenu, siwezi kusema kwamba walitoka dukani kwangu. Mdudu habebi risiti. Huenda aliwapata hospitalini, huenda katika maji, huenda kwa jirani. Ninachojua ni kwamba kapsuli zile mbili mbili zilipita tumboni mwa mtoto yule mara nyingi, na kila zilipopita zilichagua.

Nikaacha kuuza mbili mbili. Tafadhali msinipigie makofi. Duka la ng'ambo ya barabara liliendelea kuziuza, wateja wakahamia huko, na mwaka 1995 nikafunga. Kuacha kwangu hakukumzuia mtu yeyote. Baadaye, mwaka 2003, Serikali ilianza mkoani Ruvuma utaratibu wa Maduka ya Dawa Muhimu, ambao muuzaji hufundishwa, hukaguliwa, na huruhusiwa kuuza baadhi ya viuavijasumu kwa masharti. Nilifurahi, maana duka lililofundishwa ni afadhali kuliko duka linalojificha, ingawa bado ukienda na sarafu zako utampata wa kukuuzia mbili.

Mtoto yule hakuwa peke yake. Utafiti uliofanywa Muhimbili kati ya mwaka 2001 na 2002, ukachapwa mwaka 2007, ulifuatilia watoto waliolazwa wakiwa na bakteria katika damu. Zaidi ya theluthi moja walikufa. Kwa bakteria wa kundi lile la tumboni walikufa asilimia 43.5, wakati malaria iliua asilimia 20.2. Na watoto ambao bakteria wao walikuwa sugu kwa dawa waliyopewa ndio waliokufa zaidi. Kwa dunia nzima, hesabu iliyochapwa mwaka 2022 ilisema kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya usugu wenyewe, na katika vifo milioni 4.95 usugu ulikuwapo. Afrika ya Magharibi iliongoza kwa wingi wa vifo kwa kadiri ya watu wake. Siyo nchi zinazokula dawa nyingi kuliko zote, bali zile ambazo dawa ya kwanza ikishindwa, ya pili haipo kabatini.

Nina kosa jingine la kukiri, nalo si la fedha. Kwa miaka mingi niliwafundisha wagonjwa na wanafunzi wa uuguzi kwamba usugu wote huletwa na watu wasiomaliza dozi. Kwa kifua kikuu ni kweli, nami sibadili neno. Lakini kwa magonjwa mengine mengi majaribio ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba siku tano zaweza kutosha mahali tulipokuwa tukitoa kumi, na kwamba dawa ya siku zisizohitajika haiwaui wadudu wa ugonjwa, maana hao wamekwisha kufa. Inawachagua wale wengine wasio na hatia, wa tumboni na wa ngozi. Fuateni siku alizoandika mganga, msipunguze wala msiongeze. Ila ubaya hauko katika dozi iliyokatwa tu. Uko pia katika dozi isiyotakiwa tangu mwanzo. Mafua huletwa na virusi, na hakuna kiuavijasumu kinachomgusa virusi. Kijana mwenye mafua akimeza vidonge ishirini, akavimaliza vyote kwa utii, amefanya uchaguzi mara ishirini kwa faida ya hakuna.

Tena wale waliochaguliwa hawakai na mali yao peke yao. Katika miaka ya 1950 Wajapani walikuwa wakisumbuliwa na ugonjwa wa kuhara damu, wakashangaa kuona bakteria wake wamekuwa sugu kwa dawa nne kwa mpigo. Ilipofika 1959 walithibitisha kwamba bakteria mmoja hugusana na mwingine, hata wa jamii tofauti, na kumpa kipande cha maandishi ya urithi chenye usugu wa dawa zote nne. Bakteria mpole wa tumboni humwazima yule wa kuharisha, kama mnavyoazimana madaftari saa za usiku. Hivyo usugu anaoufuga mwenye mafua katika bweni la kwanza, bila kuumwa chochote, waweza kukutwa kwa mwenye tumbo la kuhara katika bweni la tatu.

Wenzangu mnaofuga kuku, nawaona mmeinamisha vichwa. Tetrasaiklini mnayotia katika maji ya kuku wazima ili wakue haraka au "wasije wakaugua" inafanya kazi hiyohiyo ya kuchagua, na mayai hamli peke yenu. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006, na kuku wao bado wanataga. Sitasema zaidi, kwa sababu pilau ya leo ni ya kuku.

Najua swali lililo tayari midomoni mwa vijana: kwa nini hazitengenezwi dawa mpya? Zinatengenezwa, lakini polepole. Dawa zetu nyingi za zamani zilitoka katika udongo. Streptomisini ilitoka katika udongo wa New Jersey, kloramfenikoli wa Venezuela, eritromisini wa Ufilipino, vankomisini wa Borneo. Vijidudu wa udongoni hutengeneza sumu hizo tangu zamani sana, na majirani zao wana kinga tangu zamani vilevile: mwaka 2011 wachunguzi walitangaza kwamba wamekuta maandishi ya usugu katika udongo ulioganda kwa miaka 30,000 huko Yukon, Kanada. Siku hizi wachunguzi hutafuta hata kwa kompyuta. Mwaka 2020 kompyuta ya Massachusetts ilichagua kitu kiitwacho halisini kutoka katika orodha ya maelfu. Mwaka 2024 ilitangazwa zosurabalpini, inayoziba njia ambayo bakteria mmoja mkaidi wa hospitalini huitumia kupeleka mafuta ya ukuta wake wa nje. Lakini toka sahani hadi kwa mgonjwa ni miaka kumi na zaidi, na faida ni ndogo, kwa sababu dawa mpya iliyo nzuri ni ile inayowekwa kabatini isitumike ila kwa shida. Kampuni moja ya Marekani, Achaogen, ilipata kibali cha dawa yake mpya mwezi Juni 2018, na mwezi Aprili 2019 ilifilisika. Kijana mwenye akili ya Kemia kuliko yangu ana kazi hapo ya maisha yote. Ila asitegemee kwamba dawa hiyo itafika kabla ya muhula ujao.

Kwa hiyo narudi kwenye namba sita na namba tisa. Makasha manne yakikaa katika chumba kisicho na mganga siku tatu za wiki, kama ilivyo sasa, tutakuwa tumefufua sanduku langu la bati, safari hii kwa risiti ya chama. Dawa zinazohitajika kweli zipo katika kituo cha afya, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na wapo watu wa kumpima mgonjwa kabla ya kumpa. Nimemwomba Bwana Afya wa shule anionyeshe daftari lake la mwaka jana. Kurasa nyingi ni kuhara, vidonda vya ngozi, macho mekundu na mafua. Hayo matatu ya kwanza yana jamaa mmoja, naye ni maji. Kunawa mikono kwa sabuni peke yake hupunguza kuhara kwa karibu asilimia 30, na kuhara ambako hakukutokea hakuhitaji kidonge, na kidonge kisichomezwa hakimchagui mdudu yeyote. Lakini kijana atanawa nini? Leo asubuhi nimepita nyuma ya mabweni. Tangi ni lilelile la wakati wetu, herufi tulizochora mwaka 1974 bado zinasomeka, na tundu lake la chini limezibwa kwa kitambaa. Fundi niliyekuja naye amekadiria bei ya bati, mabomba na bomba sita za kunawia. Karatasi yake iko kwa Mweka Hazina, na haizidi bei ya makasha manne.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza muda wangu. Nimebandika picha sita za sahani katika maabara ya Biolojia, majina ya wagonjwa yameondolewa. Zimechapwa kwa ukubwa wake halisi, kwa hiyo vijana mje na rula mpime wenyewe. Picha ya tano msihangaike kuipima. Chakula nimeambiwa ni saa saba, na ndoo za kunawia ziko nje ya mlango, kwa kuwa bombani hakuna maji.